Mguu wa Kupandia Ghorofa ya Pili

Karakana ya miguu ya bandia iko nyuma ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia mashuka. Ukiingia, unapokelewa na vumbi jeupe la plasta, halafu unaliona benchi refu la mbao ambako wanajeshi wastaafu hukaa kusubiri zamu zao. Fundi wa karakana hiyo ni mwanamke mwenye vidole vigumu, na barakoa yake ya kuzuia vumbi huivua wakati wa kula tu. Wa kwenye benchi humwita shemeji, kwa sababu mumewe alikuwa dereva wa jeshi na alipoteza mguu akiwa kazini.

Maneno hayo, "akiwa kazini", ndiyo yaliyomnyima fundi huyu raha kwa miaka mingi, maana jeshi halikuyakubali. Mumewe alikuwa peke yake katika lori la maji, akitoka mtoni kwenda kambini, lori lilipokanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mkuu wa kikosi, meja mmoja aliyependa kunyoosha kola yake, akaandika taarifa kwamba hakukuwa na bomu lolote: dereva alikuwa amelewa, akalipindua lori mwenyewe. Kwa sababu ya taarifa hiyo dereva alirudishwa nyumbani bila mafao ya ulemavu na bila mguu wa bandia. Binti yao naye akakosa msaada wa masomo ambao mfuko wa wastaafu huwapa watoto wa walioumia kazini. Mtu ambaye hakuonja pombe hata siku ya harusi yake akabaki mtaani na jina la Mlevi.

Mkewe alifunga safari hadi nyumbani kwa meja. Hakufunguliwa geti. Meja alizungumza naye kupitia tundu la geti, mswaki ukiwa mdomoni.

"Mama, nenda kamwambie mumeo aache chupa."

Wakati huo mwanamke huyo alikuwa akishona mikoba ya ngozi. Wiki iliyofuata aliomba kazi karakana, akaanza kwa kushona mikanda ya kufungia miguu, akapelekwa kozi, akarudi na cheti. Watu walidhani aliingia kazi ile kwa huruma. Kwa mumewe ilikuwa huruma kweli, na mguu wa kwanza aliotengeneza kwa mikono yake ulikuwa wa mumewe. Lakini kila alipokuwa akipiga msasa alikuwa akiusikia ule mswaki.

Mwaka ambao binti yao alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, walikata rufaa. Bodi ya rufaa iliwaambia jambo moja tu: taarifa ya ofisa haifutwi mpaka ofisa mwenyewe ahojiwe. Meja akaitwa. Akajibu kwamba amekatwa mguu na hawezi kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Akaitwa tena, akajibu vilevile. Chuo kikasema nafasi ya binti haiwezi kusubiri zaidi ya mwisho wa muhula.

"Basi, mama Fundi," mumewe alimwambia wakiwa mezani. "Mzee yule anatupiga chenga. Tutafute njia nyingine ya kumsomesha mtoto."

"Njia nyingine ipi? Wewe hukulewa."

"Najua sikulewa. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye lori."

"Na mimi ndiye niliyekuwa getini," alisema mkewe, akaendelea kukata kitunguu kana kwamba kina kosa.

Siku chache baadaye, meja aliletwa karakana na mkwewe kwa kiti cha magurudumu. Maofisa wa ngazi yake hupewa mguu wa bandia hata kama wa asili waliupoteza kwa maradhi, na wake ulikatwa kwa sababu ya kisukari. Kola ilikuwa imenyooshwa vilevile. Alimtazama fundi aliyejifunika barakoa, akamwona fundi tu.

"Tufanye haraka, binti. Mimi si mtu wa kukaa foleni."

Fundi alimkalisha mwisho wa benchi, akamwekea kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, juu ya mto, akaanza kukizungushia bandeji za plasta ili apate umbo lake. Plasta ikishafungwa, mtu hawezi kwenda popote mpaka ikauke. Na hapo ndipo benchi hufanya mambo yake. Wastaafu wale wana desturi yao: kila mgeni anayefungwa plasta huulizwa swali moja, na wote hujibu.

"Karibu, afande," alisema mzee mmoja aliyekuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi, nao humwita Tarumbeta. "Uliuacha wapi?"

"Niliuacha nini?"

"Mguu, afande. Hapa sote tunasema. Mimi niliuacha stoo ya kambi, sanduku la risasi liliniangukia. Sikuona adui hata wa dawa."

"Mimi niliuacha jikoni," alidakia aliyekuwa mpishi wa kikosi. "Sufuria la mafuta ya moto. Hata medali nilinyimwa, nikaambiwa nimeunguza chakula."

Benchi likacheka. Hakuna anayedharauliwa pale kwa jibu lake. Aliyepoteza mguu kwenye pikipiki anakaa sawa na aliyeupoteza vitani. Meja angesema kisukari, wangempa pole na mazungumzo yangehamia kwenye mpira. Lakini alitazama zile nyuso za askari wa vyeo vya chini, akanyoosha kola.

"Mimi niliuacha barabara ya mtoni," alisema. "Bomu la kufukiwa. Kambi haikuwa na maji, vijana wangu wana kiu. Dereva akaniambia, afande, barabara haijakaguliwa, watu wa mabomu hawajapita. Nikamwambia, washa gari, kijana, mimi nitakaa kando yako. Tukaenda. Likalipuka."

"Loo," alisema mpishi. "Na dereva?"

"Naye aliumia. Kijana mwaminifu sana. Hakuwa mtu wa anasa."

Fundi alikuwa ameushika mguu ule kwa mikono miwili. Damu ilimchemka hadi masikioni, na plasta nayo ilikuwa ikipata joto viganjani mwake, kama ilivyo kawaida yake ikianza kukauka. Alimtazama Tarumbeta. Tarumbeta alimjua dereva wa barabara ya mtoni. Alikuwa amekula nyumbani kwake mara nyingi. Mzee alifungua mdomo, fundi akatikisa kichwa kidogo, mzee akaufunga.

"Usitikisike, afande," fundi alisema taratibu. "Plasta inashika."

Alipobaki peke yake na umbo lile la plasta, alishika tupa na kukaa nalo muda mrefu. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, hufuata umbo hilo. Ukikwangua kidogo palipo na mfupa, mvaaji ataumia kila hatua na hatajua kwa nini. Fundi aliweka tupa penye mfupa, mkono ukawa mwepesi. Kisha akafikiri: mtu anayeumia mguu ana udhuru wa kubaki nyumbani. Akaiondoa tupa.

Akautengeneza mguu ule kwa chuki, na chuki ilimfanya awe makini kuliko siku zote. Alipima, akarudia kupima. Alipiga msasa hadi ukingo ukawa laini kama kisahani cha chai. Hata mguu wa mumewe hakuufanyia hivyo.

Siku ya kuujaribu, mganga wa hospitali akiwa mlangoni na faili lake, meja alisimama kati ya vyuma viwili vya kujifunzia, akapiga hatua, akashangaa.

"Hauumi!"

"Hauumi popote, afande?" fundi aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi benchi la mwisho.

"Popote. Binti, una mikono ya ajabu."

"Na ngazi? Jaribu zile za mazoezi."

Alipanda, akashuka. Alipanda tena bila kuambiwa, akijionyesha.

"Hata ghorofa ya tano naiweza!" alisema. Benchi likapiga makofi, makofi mazito ya polepole.

"Huhitaji tano," alisema fundi, akavua barakoa. "Mbili zinatosha. Alhamisi, bodi ya rufaa. Mimi ni mke wa yule dereva uliyeandika kwamba alilewa. Uliniambia nimwambie aache chupa."

Meja alishika chuma.

"Mama, mambo hayo ni ya zamani..."

"Tutakuwepo sote, afande," alisema Tarumbeta. "Na mganga wa hapa ameshaandika kwamba unapanda ngazi. Ametuona tukikushangilia."

Alhamisi meja alifika. Hakuwa na udhuru uliobaki. Mbele ya bodi alisimama na kurudia taarifa yake ya zamani: hapakuwa na bomu, yeye alikuwa kambini amelala, dereva alinuka pombe. Alisema vizuri, bila kukwama. Kisha Tarumbeta akaeleza aliyoyasikia kwenye benchi, mpishi akaongeza ya kiu ya vijana, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

"Yale yalikuwa maneno ya kupitisha muda," alisema meja.

"Afande," mwenyekiti wa bodi aliuliza, "mguu wako ulikatwa kwa sababu gani?"

Jasho lilimtiririka kwenye kola. Ilibidi aseme, mbele ya benchi zima. "Kisukari."

"Kwa hiyo hukuwa kwenye lori. Sawa. Na dereva kukwambia barabara haijakaguliwa, hilo nalo ulilitunga?"

Meja alinyoosha kola. Yule dereva, aliyekuwa ameketi kando ya mkewe, akainuka kwa mguu wake.

"Afande, mimi sina hasira na wewe," alisema. "Mke wangu anazo za kutosha sisi wawili. Sema tu. Nilipokwambia barabara haijakaguliwa, ulinijibu nini?"

Meja alitazama dirisha, akatazama mlango. Mwishowe alimtazama fundi, ambaye hakuwa amepepesa jicho.

"Nilikwambia uwashe gari," alisema. "Halafu nikaogopa kupelekwa mahakamani."

Bodi ilifuta taarifa pale pale. Dereva aliandikwa kuwa aliumia kazini, mafao yake yakaamriwa yaanze kulipwa, na barua ya chuo cha binti ikapokelewa na mfuko wa wastaafu siku hiyohiyo ili alipiwe masomo. Mpishi alilia bila kujificha. Dereva alimshika mkewe bega.

"Umeridhika sasa?"

"Bado. Acha ashuke."

Nje ya chumba, meja alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono ukiwa kwenye kizuizi cha chuma. Mkwewe alikuwa amekwisha kushuka kwenda kuleta gari, pengine ili asionekane naye. Wastaafu walimpita mmoja mmoja, miguu yao ikigonga sakafu, na hakuna aliyesema "kwaheri, afande". Alipomwona fundi alinyoosha mkono.

"Nishike, mwanangu. Kizunguzungu kinanipata."

Fundi alikaribia hadi akasikia harufu ya sabuni kwenye kola ile. Aliutazama mguu kwanza, kama fundi anavyotazama kazi yake, akaona umekaa sawasawa.

"Mguu huo unaziweza ngazi," alisema. "Umelisema hilo mwenyewe, watu wamesikia."

Akatangulia na mumewe hadi chini. Pale chini aligeuka, akasimama, akakunja mikono, akamtazama meja akishuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho.