Maji ya Kusukutua

Mjukuu wangu Saru akipiga mswaki hapo bombani, hujaza maji mdomoni, akatingisha mashavu, kisha akayatema kwa nguvu: pffuu! Mlio huo ukinifikia jikoni, mwiko wangu husimama ndani ya sufuria. Papo hapo niko kijijini kwetu Mraru, mtoto wa miguu mitupu, nimejibanza nyuma ya mlango wa Nyanya Mghoi, mamake baba.

Mwaka huo mvua ilitususia. Nilikuwa darasa la tatu, na la nne ndilo lililonifungia mlango wa shule, kwa hivyo msinidai mengi. Maji tulichota bondeni, kwenye mashimo yaliyochimbwa mchangani. Unachuchumaa, unangoja yajikusanye, unateka kidogo kidogo. Nyumbani kila mtu alipewa kikombe kimoja cha bati asubuhi, akae nacho hadi jioni.

Nyanya alitoka na chake kabla jua halijapanda, akasimama kizingitini akielekea kilima cha Sagalla, linakochomozea. Anapiga funda, ananong'ona kwa Kidawida, lugha yetu, kisha anayarusha maji uani kama manyunyu. Funda, maneno, pffuu.

Siku moja Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alimwambia, "Mama, hayo maji ni ya kunywa."

"Si nakunywa? Sijameza tu."

Baba alikohoa, akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufungulia. Kumbe alijua vizuri sana. Hiyo ilikuwa kutasa, desturi ya wazee wetu ya kutoa hasira moyoni pamoja na maji. Lakini sisi watoto hatukuambiwa. Nilipomwuliza Nyanya anaongea na nani, alisema, "Nasukutua." Basi mimi na Wakio, binti wa ami yangu, tukawa tunawasukutulia mbuzi machoni, mpaka Mama akatuchapa kwa kumwaga maji.

Nilipotega sikio ndipo nikasikia kwamba alikuwa akitaja watu, wa nyumbani na majirani. "Mwadime alinipita jana kama kisiki. Itoke." Pffuu. "Mama Wakio alisema naficha chumvi. Itoke." Hata jogoo alitajwa kwa kumdonoa mguu. Nami nilitajwa karibu kila siku, kwa kelele au kwa kulamba mwiko, na nilipenda kulisikia jina langu likipita hewani na kutua mavumbini.

Sasa nisikilizeni. Nyanya alikuwa na mtungi mmoja wa udongo, mweusi, aliopewa na mamake siku ya kuolewa. Maji ya mtungi ule yalikuwa baridi na yenye harufu ya mvua. Jumamosi moja debe letu lilivuja, nikauchukua mtungi bila kuomba. Njiani kutoka bondeni, nikiwa nao kichwani, Wakio akanichokoza: "Wewe huwezi kuachilia mikono kama mama zetu." Nikaachilia. Nilitembea hatua sita, nazikumbuka zote. Ya saba nilijikwaa.

Nyanya hakunigombeza. Aliokota kigae kimoja, akakiangalia, akakiweka juu ya jiwe la jikoni. Lakini mimi alizoea kuniita "mke mwenza," kwa utani wa nyanya na mjukuu. Jioni ile alisema, "Mkamburi, chukua chakula chako." Mkamburi! Jina langu halisi, kama mgeni aliyeshuka kwenye treni.

Asubuhi nilijibanza nyuma ya mlango. Alimtaja Mwadime. Akamtaja Mama Wakio, akaishia hapo. Asubuhi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu akamtaja jogoo, akaingia ndani.

Wakio hakunihurumia. "Hata jogoo ametajwa," akaniambia. "Wewe si kitu."

Chakula kilinikataa. Afadhali ningechapwa. Asubuhi ya nne sikujificha tena, nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Nyanya, mbona hunitaji?"

"Kwa sababu bado."

"Bado nini?"

"Bado ninao mtungi wangu hapa." Akajigusa kifuani. "Nikikutaja na huku nimeushika, nitakuwa namdanganya Mungu. Tena kwa maji, na maji yenyewe hayapo."

Nililia. Hakunibembeleza. Alitazama ndani ya kikombe. Lilikuwa limebaki funda moja. Tukasimama hivyo, yeye na kikombe chake, mimi na kamasi zangu, mpaka jua likachomoza likatumulika miguu. Ndipo akapiga lile funda. "Mkamburi amenivunjia mtungi wa mamangu," akasema, maji yakimchuruzika pembeni mwa mdomo. Nikaona koo lake likitaka kumeza. Halikumeza.

"Itoke."

Pffuu! Yakanipata kifuani, baridi, hadi nikashtuka.

"Nenda shule, mke mwenza," akasema, akikung'uta kikombe kitupu. "Na leo ukienda kuteka, usinibebee kitu cha udongo."

Nilikimbia hadi shuleni nikiwa na gauni bichi, na mwalimu aliponiuliza nimeloaje katika ukame ule, nilimwambia nimesukutuliwa. Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka zaidi yao.

Wakati ule nilifikiri Nyanya amenifanyia dawa mimi. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba aliyekuwa akitibiwa ni yeye. Kanisani sala ya kusamehe tuliikimbiza kila Jumapili, tukifika mwisho kabla ya mchungaji. Nyanya hakuutangulia moyo wake hata hatua moja. Aliungoja siku tatu, na ulipofika, akaulipia kwa maji aliyokuwa akiyatamani hadi jioni. Sijaona ibada kubwa kuliko ile, na palikuwa na kikombe cha bati tu, na jogoo akipekua uani.

Watu hunishangaa kwamba nakumbuka jina la kila mtu niliyeishi naye. Kwa nini nisiwakumbuke? Nawataja kila asubuhi, mmoja mmoja, hapo bombani.

Juzi Saru alinikuta hapo, mswaki wake mdomoni. "Nyanya, unaongea na nani?"

"Nasukutua."

Hakuondoka. Alisogea karibu, akainamisha kichwa kidogo, akitega sikio. Nikapiga funda lingine, nikalitaja jina lake kwa sauti ya kutosha.