Kibao Chenye Kovu

Gentrix Awinja hupima kwa mita ya umeme kila kibao kinachotoka kwenye kibanda chake cha Shieywe, hata alichokiunda mwenyewe. Zamani kupima ilikuwa kazi ya Maurine Naliaka, rafiki aliyesimama naye siku ya arusi yake.

Wawili hao waliyeyusha jerikeni zilizopasuka, wakachanganya na unga wa shaba unaodondoka kwa wachonga funguo, kisha wakashindilia kwenye kalibu. Plastiki haipitishi umeme. Chembe za shaba ndizo huupitisha, mradi zigusane. Kibao kikiunganishwa na betri ya sola, hupata joto la kulea vifaranga. Lakini shaba ikipungua hadi chembe ziachane, joto halipungui. Linatoweka.

Julai iliyopita, Wanyonyi, mfugaji wa Malava, alimrudishia Gentrix gunia la vibao.

"Mama Oliver, vifaranga zangu zote zimekufa na baridi. Hizi ni za kuchotea obusuma?"

Majirani walicheka vibao kufananishwa na vya kupakulia ugali. Gentrix hakucheka. "Angalia betri yako," alimjibu. "Maurine hupima kila kimoja. Huyo hawezi kunidanganya."

Mteja alipoondoka na kuacha gunia, Gentrix alivigusisha vibao na mita, kimoja baada ya kingine. Mita haikusema kitu. Akamwita Maurine, akamwomba apime kibao cha siku hiyo. Maurine aliinama kwenye rundo, akainua kimoja, na namba zikapanda.

"Hiki kiko sawa."

Gentrix alikichukua. Pembeni kilikuwa na kovu jeusi. Alikiunguza yeye mwenyewe kwenye jiko, wiki ya kwanza ya biashara.

"Nilipunguza shaba kidogo tu, dadangu," Maurine alisema. "Ikiwa nyingi vinavunjikanga kwa kalibu, halafu unaniangalia vibaya."

"Kwa hivyo kila jioni ulikuwa unanipimia hiki?"

"Si hukuwa unaangalia."

Ni kweli, hakuwa akiangalia. Hakuona haja, kwa kuwa aliyepima alikuwa Maurine.

Maurine alitundika aproni msumarini, akaenda. Siku hizi wakikutana sokoni husalimiana, na Gentrix huulizia watoto.

Vibao vya gunia aliviyeyusha upya, akaongeza shaba. Kile chenye kovu kilikuwa kizima. Alimpelekea Wanyonyi vile vingine na vifaranga kutoka banda lake mwenyewe, na hicho pia, kwa sababu hakutaka kukiona tena.