Bakuli la Wiki Mbili

Mezani pangu hapa Amu, ambayo ramani huiita Lamu, pana daftari la shule, na katika ukurasa wa katikati nimeandika safari. Boti hadi Mokowe, alfajiri. Basi hadi Mombasa. Kutoka stendi hadi stesheni ya Miritini, ambayo wameiweka nje ya mji kana kwamba treni ina ugonjwa wa kuambukiza. Halafu treni ya usiku hadi Nairobi. Chini ya hayo niliandika "viti viwili", nikafuta, nikaandika "kiti kimoja", nikafuta tena. Karatasi imekaribia kutoboka mahali hapo, na ukitaka kujua kwa nini, itabidi unikalie kidogo.

Ilianza mama alipokuja kwangu kutoka Siyu kutolewa mtoto wa jicho. Mama hasafiri na vitu vingi. Alikuwa na kikapu cha nguo, ndoo ndogo ya simsim ya shambani kwake, na kitu kilichofungwa kwa leso mafundo matatu. Akakiweka mezani kabla hata ya kunywa maji, akafungua. Ndani mlikuwa na bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa buluu, na kovu jeusi mahali rangi ilipobanduka. Nililijua papo hapo. Limekaa kidakani, ukutani kwetu Siyu, miaka thelathini na zaidi, na hakuna aliyewahi kulitilia chakula. Tulipokuwa watoto, kuligusa tu kulikuwa kosa la kukosesha mtu chai.

"Hili si letu," akaniambia. "Ni amana ya watu. Mato haya siyui yataamka vipi, na sitaki kufa na kitu cha mtu nyumbani mwangu. Liregeshe Nairobi."

Nikamwambia tutalirudisha pamoja, shule zikifungwa. Akasema yeye haendi. Nikamuuliza kwa nini, akasema amechoka. Mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu, ambaye bado anapalilia simsim kwa mkono wake, hajawahi kuchoka mbele ya mtu. Nilijua si uchovu.

Wengi hapa hawajui kwamba niliishi Nairobi. Wakiniona mwalimu wa watoto wa Amu, wanadhani sijavuka Mokowe ila kwenda chuoni. Lakini kuanzia miaka minne hadi tisa nilikuwa mtoto wa reli. Baba alikuwa seremala wa mabehewa. Watu wa Siyu mikono yao imezoea mbao na ngozi, na mtu mmoja wa mjini alimwambia kuna kazi karakanani, akaenda, akatuita. Tukakaa landhi, vile vyumba vya safu walivyojengewa wafanyakazi wa reli, mlango kwa mlango, bomba moja la maji kwa nyumba kumi. Asubuhi za mwezi wa saba kulikuwa na baridi ambayo mama aliiita uadui. Alivaa baibui juu ya sweta la baba na bado alitetemeka akisubiri ndoo ijae.

Nikifumba macho nasikia bado mabehewa yakigongana yakiunganishwa. Nasikia harufu ya mkaa wa jiko, ya mafuta ya injini, na ya baba akirudi jioni, vumbi la mbao kwenye nyusi na vanishi vidoleni. Sisi watoto tuliota jua kwenye kuta za karakana, tukapima nani amepata joto zaidi. Sikuijua bahari wakati ule. Nilidhani kila mji duniani hulala na kuamka kwa honi.

Mama alikuwa mpweke. Kiswahili chake kiliwachekesha majirani, na chao kilimuumiza masikio. Walimwita Mama Lamu. Mwanzo alijitahidi kuwaeleza kwamba Siyu si Lamu, iko kisiwa kingine, cha Pate, chenye ndia zake, yaani njia zake, na watu wake. Wakamsikiliza kwa adabu, wakaendelea kumwita Mama Lamu.

Aliyekuwa karibu nasi zaidi alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mrefu wa kutoka Magharibi, mke wa dereva wa treni, mwimbaji wa kwaya. Akifua aliimba, akipika aliimba, na ukuta ule haukuzuia kitu. Ramadhani yetu ya kwanza mama alikaanga kaimati, akazipanga kwenye sahani yetu ya maua, akanituma nizipeleke. Jirani akazipokea kwa mikono miwili. Kesho yake akairudisha sahani mwenyewe. Alikuwa ameisugua kwa jivu hadi inang'aa, na ilikuwa tupu.

Wewe wa pwani umeshaelewa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Utatia hata ndizi mbili, hata konzi ya sukari, hata majani ya mrehani, lakini hutamrudishia mwenzio uwazi. Mama aliipokea sahani, akashukuru, akafunga mlango, akakaa kitandani akalia. Alijua maana yake: chakula chako hakikutupendeza, na usitujie tena. Baba alimwambia pengine wenzetu hawana desturi hiyo. Mama akasema hakuna watu duniani wasio na desturi hiyo.

Mimi nilikuwa na miaka mitano na mdomo usiokuwa na mlango. Asubuhi bombani nikamwambia jirani, mbele ya wanawake wote, kwamba mama amelia kwa sababu ya sahani tupu. Jirani akatia mkono mdomoni. Maskini, alikuwa ameisugua nusu saa, maana kwao heshima ni kumrudishia mtu chombo chake kikiwa safi kuliko ulivyokipokea. Hakungoja ndoo yake ijae. Alikuja mlangoni na bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu, limejaa njugu za kuchemsha zinazotoa moshi, akamwambia mama, "Mimi sikujua. Nifundishe."

Mama akamfundisha, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Maana ukishajua kwamba chombo hakirudi kitupu, hakuna pa kusimama. Bakuli likaja na njugu, likarudi na mahamri. Sahani ikaenda na wali wa nazi, ikarudi na viazi vitamu. Mimi nilikuwa mchukuzi, nikila njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa hatua sita. Krismasi tulipata kuku, Idi walipata biriani, na siku za katikati zilikuwa nyingi kuliko sikukuu. Baba alisema wanawake hawa wawili wamefungana kamba na ndio wanaonenepesha waume zao. Lakini aliacha kumsikia mama akilia, na nadhani hilo lilimtosha. Mama alijifunza kupika mboga za majani chungu za kwao. Jirani alijifunza kukuna nazi, akiimba.

Kisha ikaja habari kwamba babu amefariki Siyu. Baba aliomba ruhusa ya wiki mbili. Jioni ya safari jirani alikuja na bakuli jeupe, ndani chapati sita na kuku wa kukaanga, akalifunga kwa leso, kwa sababu watoto hawapandi treni na tumbo tupu. Mama alisita kulichukua. Jirani akamwambia, "Si ni wiki mbili tu? Utanirudishia."

Ndugu yangu, treni ile nitakuambia nini. Ilikuwa na vitanda vya kukunjwa, na mtu aliyepita koridoni akigonga kengele ndogo kuwaita watu kwenye chakula. Baba, aliyekuwa amefiwa na baba yake, alinishika mkono akanitembeza behewa hadi behewa. Alipapasa fremu za milango. Huu nimeutengeneza mimi, akasema. Huu ulikuwa haufungi. Huu mwenzangu aliharakisha, sikia unavyolia. Sijawahi kumwona akijivuna kabla wala baada ya siku ile. Tukala chapati za jirani gizani, magurudumu yakigonga chini yetu, nikalala ubavuni kwake.

Hatukurudi. Shamba la babu halikuwa na mtu, bibi alikuwa peke yake, na baba ndiye aliyekuwa mwana mkubwa. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Baba aliandika barua moja, haikujibiwa, na hakuwa mtu wa kuandika mbili. Sasa naye amelala Siyu, karibu na baba yake.

Bakuli lilibaki kidakani. Nilipokua nilimuuliza mama kwa nini asimpe mtu yeyote anayekwenda Nairobi alirudishe. Akaniuliza alirudishe na nini ndani. Hapo ndipo penye kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye anayeweza kulifanya. Mwaka wa kwanza vingetosha vileja. Mwaka wa pili, kwa kuchelewa, alitaka aongeze halua. Kila mwaka uliopita aliona deni la adabu limekua, na ilipofika mwaka wa kumi hapakuwa na kitu duniani cha kulijaza bakuli lile. Basi akaona haya, na haya zikamfunga mguu. Na mwanamke aliyetia njugu ndani yake huenda alikuwa akisema siku zote kwamba Mama Lamu alimwibia bakuli. Hilo ndilo lililomchosha mama.

Ninaye mwalimu mwenzangu, mtu wa bara, wa kutoka Magharibi vilevile, ambaye baada ya miaka minne hapa Amu bado anawakwepa punda kama magari. Yeye ndiye aliyenionyesha kukata tikiti kwa simu. Aliniambia mapema nisitarajie vitanda, treni ya siku hizi ni viti tu, na milango inajifungua yenyewe. Nilipomsimulia habari ya bakuli alicheka, kisha akaomba jina la landhi na la yule dereva wa treni. Ana dada yake Nairobi, anasali kanisa lililo karibu na pale. Sikumwambia mama. Niliogopa tutaambiwa ameshakufa, na bakuli lile lingekosa pa kwenda.

Siku ya tisa mwalimu alinisimamisha nje ya ofisi, akanipa karatasi yenye namba. Yupo. Mumewe alishakufa, anakaa na binti yake mtaa wa pili kutoka pale pale landhi, na bado ni wa kwaya.

Mama alikuwa barazani kwangu, bandeji imeshatolewa, akilipitisha lile bakuli mbele ya jicho lililopona kama anayesoma. Aliniambia hakuwa anajua kovu lile ni kubwa hivyo. Nikapiga simu, nikaiweka kwa sauti, nikajitambulisha mimi ni nani. Kisha sauti ile ya ukutani, imekwaruza kidogo lakini ni ile ile, ikauliza kama mama yuko hapo.

Nilimwona mama akishika ukingo wa bakuli kwa mikono yote miwili.

"Mama Lamu," jirani akasema, "si mlisema wiki mbili? Bado hazijaisha?"

Machozi yakamtoka mama, jicho zima na jicho bovu. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Bakuli lako ninalo. Nimelitunda miaka yote hii."

"Najua unalo. Lete." Kisha akacheka, na katika kicheko kile nilimwona bombani, mkono mdomoni. "Lakini isikuje tupu. Wewe ndiye ulinifundisha."

Walizungumza hadi simu ikaisha chaji. Mama hakusema tena amechoka. Ndugu yangu mdogo aliposikia akajitolea kutulipia ndege ya kutoka Manda, tufike kwa saa moja na nusu. Mama akamwambia alitoka nti ile ya bara kwa treni na atairudia kwa treni. Nikarudi kwenye daftari, na mahali palipokaribia kutoboka nikaandika "viti viwili" kwa kalamu ya wino.

Sijidanganyi. Stesheni tutakayoshukia Nairobi siyo ile. Karakana sijui kama ingali na seremala hata mmoja. Hakuna atakayepita na kengele koridoni, na nikipapasa fremu ya mlango, nitapapasa kitu kilichotoka kiwandani, kisicho na mkono wa mtu ninayemjua. Mama naye atauliza kila dakika tumefika wapi, na nje kutakuwa giza, nami nitakuwa sijui. Najua pia kwamba nitakaa macho, nikimngoja baba aniambie mlango upi ulikuwa haufungi.

Lakini nyumba yangu wiki hii inanukia simsim za kukaanga. Mama anatengeneza ladu, maana kaimati hazistahimili siku mbili, na ameshalipima bakuli mara mbili kuona zitaingia ngapi. Jana nikamkuta anafunga furushi la pili. Nikafungua pembe ya leso, nikaona sahani yetu ya zamani, ile ya maua. Kumbe alikuja nayo kutoka Siyu chini ya nguo, hata kabla hajasema kwamba haendi.

Nikamuuliza ya nini tena.

"Ya kulia chakula ndiani," akasema, bila kunitazama.

Ni sahani ya kulisha watu wanane, nasi tu wawili. Mama ana jicho moja linaloona, magoti mabovu, na safari ya siku mbili mbele yake, naye ameshapanga kuisahau kwa jirani.