Mjomba Juu ya Keria

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nusura nimkose mama yako kwa sababu ya miguu yangu mwenyewe.

Nilikuwa nampeleka mjomba wangu hadi Kinole akaniposee. Kwetu Waluguru posa haiendi bila mjomba, na wangu alikuwa na mgongo mbovu na mdomo mkali. Nikampakia kwenye keria ya baiskeli na kanzu yake ya Idi, tukatoka Mkuyuni. Mimi kijana, roho iko kwa wakwe tayari. Nikawa nakandamiza pedeli kwa nguvu zote, kiuno huku, kiuno kule, najiona fundi kweli.

Nyuma mjomba anajizoeza maneno ya posa: "Tumekuja… kuomba… tumekuja…" Kila nikikanyaga, neno linakatika. Mwanzoni nilicheka. Kabla ya mlima akanigonga begani.

"Simama. Nishushe."

Akashika kiuno, akageukia tulikotoka. "Narudi. Nikifika kwa watu nimepinda hivi, nitaongea nini? Unakanyaga kama unaua nyoka!"

Nilipiga magoti vumbini, sioni aibu kusema. "Mjomba, nakuomba. Ukirudi wewe, nimekwisha."

Hapo akapoa. "Basi zungusha, mpwa wangu. Mguu mmoja ukishuka, mwingine unyanyue, usiuache umelalia pedeli. Na utulie kwenye siti. Maneno yangu yakikatika tena, nashuka."

Nikaanza polepole, mabega nimeyalegeza, nasikiliza. Baada ya kona kadhaa nikaisikia posa nzima nyuma yangu, tangu salamu hadi dua, haikukatika popote. Kwa wakwe aliisema hivyohivyo, amesimama wima, nao wakaitikia. Nilitaka kulia.

Sasa kesho unampeleka mama yako zahanati, na nyonga zake zile. Usishindane na mlima. Zungusha miguu yote miwili, ukanyage kwa upole, kiuno kitulie. Usimuulize kama anaumia, mama yako atakwambia haumii. Wewe msikilize. Akinyamaza, punguza. Akianza kukupa umbea wa Kinole, ujue unaendesha vizuri.

Mungu awalinde njia nzima, mwanangu, aipe miguu yako subira. Mimi nitakuwa barazani jioni. Nataka sauti yake inifikie kabla ya baiskeli.