Ubao wa Rosamund

Nilikuwa nambatiza mtoto wa mhunzi pale mtunza farasi wa Harcombe alipoingia kanisani, kofia mkononi, macho chini.

"Padri, dada yako ametutoka. Kile kifua."

Nilimaliza ubatizo, kisha nikapiga magoti na kulia.

Rosamund na mimi tulizaliwa na binti wa mtengeneza glavu. Baba yetu alikuwa mfalme, na hakumwoa mama. Mimi alinipa parokia hii. Rosamund alimpa mume, Edmund wa Harcombe, na hati ya kumweka daraja moja na watoto wa mabwana wakubwa. Mama mkwe wake, Bibi Mkubwa, hakuijali hati hiyo. Kila karamu, watu walipopangwa kwa vyeo kuingia mezani, dada yangu aliingia wa mwisho, nyuma ya mke wa daktari, bila mwanamume wa kumshika mkono.

"Kaka, wa mwisho huona migongo yote," aliniambia akicheka. "Wa Bibi Mkubwa umeanza kupinda."

Alicheka hivyo miaka kumi na tisa. Mimi sikucheka.

Nilipofika Harcombe, maiti ilikuwa bado kitandani na Bibi Mkubwa alikuwa akinywa chai.

"Ubao wa msiba nimeshaagiza," alisema, yaani ule wa nembo za marehemu unaotundikwa ukutani mwa nyumba yake, kisha kanisani. "Nembo ya Edmund itachorwa upande wake. Upande wa mkewe utapakwa weusi mtupu."

"Kwani dada yangu hakuwa na baba?"

"Alikuwa naye, kama paka wa jikoni alivyo naye."

"Na cheo cha jeshini alichopewa Edmund baada ya harusi, kilitoka kwa paka yupi?"

Edmund alitazama viatu vyake. "Shemeji, tafadhali. Mama anayajua mambo haya."

"Ubao wenye nembo ya baba yenu hautundikwi kwenye nyumba yangu," alisema Bibi Mkubwa.

"Sawa. Nyumba ni yako. Kanisa ni langu."

Nilikwenda kwa Penfold, mchoraji wa nembo mjini, nikamwagiza ubao mwingine, wenye nembo ya baba yetu upande wa Rosamund. Penfold alikuna kidevu.

"Na ule mkanda unaokatiza nembo za waliozaliwa nje ya ndoa, Padri? Wengi huniomba niufanye mwembamba kama uzi."

"Uchore mpana kama kiganja chako."

Niliutundika mwenyewe kanisani, mbele kabisa ya kiti cha akina Harcombe. Kiti hicho ni chao tangu babu wa babu zao, na Bibi Mkubwa angeona afadhali afe kuliko kuketi mahali pengine. Kila Jumapili atamtazama dada yangu. Mungu ataniuliza kuhusu hili, nami nitamjibu.

Siku ya mazishi, wanawake wa daraja la Bibi Mkubwa hubaki nyumbani. Yeye alikuja. Aliuona, akasimama.

"Ushushe."

"Mwandikie askofu, Bibi Mkubwa. Sasa keti, tunazika."

Aliketi.

Nilisoma ibada yote bila kuruka neno. Wanaume sita walimteremsha Rosamund chini ya sakafu ya kanisa, wakamlaza kando ya nafasi aliyotengewa mumewe. Nilitupa udongo mara tatu. Edmund alilia kwa sauti, nikamshika bega. Mafundi wakarudisha jiwe, wakaziba kingo kwa chokaa. Watu walitoka. Nilizima mishumaa, nikafunga mlango.