Konzi la Udongo wa Ayyanar

Adaikkan alikuwa mfinyanzi, na kwa kuwa alikuwa mfinyanzi, alikuwa pia kuhani. Katika kijiji cha Nallankulam mambo hayo mawili hayakutenganishwa tangu zamani za mababu. Aliyewafinyangia watu vyungu ndiye aliyemfinyangia mungu Ayyanar farasi wake, na aliyemfinyangia farasi ndiye aliyemwashia taa na kumvika mashada ya maua.

Ayyanar alikaa nje ya kijiji, ukingoni mwa bwawa, katika kijisitu ambacho hakuna aliyethubutu kukata humo hata ufito. Kazi yake ilikuwa ulinzi. Watu walipolala, yeye alipanda farasi akaizunguka mipaka, akiwafukuza wezi, ndui na ukame. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua kijiji kilimpa farasi wapya wa udongo, warefu kupita mtu, wenye njuga shingoni na meno yaliyochomoza. Wale wa zamani waliachwa papo hapo wasimame. Jua na mvua viliwala polepole, masikio kwanza, kisha pua, kisha miguu, mpaka wakalala chini wakawa vigae na vumbi.

Katika vumbi hilo ndimo kazi ilimoanzia. Mkuu wa kijiji alichota konzi moja kutoka kwa farasi aliyeanguka, akaliweka katika sinia pamoja na tambuu, akalitia katika mikono miwili ya mfinyanzi mbele ya watu wote. Bila konzi hilo hakuna farasi. Adaikkan alilitwanga, akalichanganya na udongo mpya wa bwawani, ili kila farasi awe na babu yake tumboni. Mwisho wa yote, farasi alipokwisha kusimamishwa kijisituni, Adaikkan alichovya brashi katika rangi nyeusi ili amfungue macho. Hapo mwili wake ulitetemeka, na watu wakajua kwamba mwenye farasi amefika.

Hakuwa mtu wa kubishana juu ya miungu. Katika shamba lake la mtama palikuwa na mtu wa jiwe, aliyeketi amekunja miguu, asiye na kichwa, na wakulima walimpaka mafuta kila walipopita. Mwalimu wa shule alimwambia kwamba huyo alikuwa mtakatifu wa Wajaini, watu wa dini nyingine waliojaa nchi ile hapo kale, kisha wakatoweka.

"Basi watu wake wameondoka wakamwacha," alijibu Adaikkan. "Sisi tunampa mafuta. Ulitaka akae na njaa?"

Ndipo ndugu wa mkuu wa kijiji aliporudi kutoka ng'ambo, nchi ya Malaya, amefanikiwa, akataka kumshukuru Ayyanar kwa hekalu la saruji. Likaanza kujengwa hekalu lenye mnara na rangi nyingi, na kutoka mjini akaletwa kuhani wa Kibrahmani, wa tabaka la juu, Sambasivan, mtu mpole mwenye kikohozi. Huyu aliwaeleza watu kwamba Ayyanar si mlinzi wa bwawa tu. Ni mwana wa miungu wakuu, Shiva na Vishnu.

"Baba wawili?" aliuliza Adaikkan.

"Vishnu alikuwa amejigeuza mwanamke, mzee wangu."

"Ala. Nami miaka yote hii namletea wali wa jana, kumbe ana ukoo mkubwa hivyo."

Sambasivan alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akauliza kuhusu mbuzi aliyechinjwa kila mwaka kwa ajili ya Karuppan, askari wa Ayyanar, hatua chache tu kutoka kwa bwana wake asiyekula nyama.

"Tunamfungia Ayyanar pazia," alisema Adaikkan.

"Naye hajui kinachotendeka nyuma ya pazia?"

"Anajua sana. Lakini ni kama baba mkwe, ameamua kutoona."

Hawakuchukiana wale wawili. Yaliyotokea hayakutokana na chuki.

Siku moja, msingi wa hekalu ulipokuwa ukichimbwa, mkuu wa kijiji, Rengasamy, alimkuta Adaikkan mlangoni pake akisokota kamba.

"Mjomba, hawa farasi waliovunjika, mungu bado anawataka?"

Adaikkan alijibu kama baba yake alivyomfundisha kuwajibu watoto waliotaka kuunga mguu au sikio lililoanguka. "Kilichotolewa kimetolewa. Hatukirekebishi wala hatukililii. Kinarudi ardhini."

Alipofika kijisituni kesho yake, uwanja wa farasi ulikuwa umefagiwa mweupe. Waliosimama na waliolala wote walikuwa wamepondwa na kushindiliwa katika msingi, na juu yao saruji ilikuwa bado mbichi.

"Nilikuuliza, mjomba," alisema Rengasamy, uso umemshuka. "Ulisema wanarudi ardhini."

"Nilisema," akajibu Adaikkan. Alirudi nyumbani, na binti yake Poongodi alipomtengea wali uliolowekwa maji na kitunguu, hakuugusa.

"Baba, kula. Hata farasi hula."

"Wangu hawali tena, mwanangu."

Majira ya sinia yakaja yakapita, sinia isiletwe. Farasi wawili wa saruji, weupe, walisimama mbele ya hekalu, macho yao yamepakwa na fundi wa rangi kutoka mjini. Kila asubuhi Adaikkan alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akaketi barazani, akatazama njia. Majirani walidhani anaota jua.

Mwaka uliofuata sinia ilikuja. Mama yake Rengasamy, bibi Nachammai, alikuwa taabani. Zamani mjukuu wake alipougua, alikuwa amemwekea Ayyanar nadhiri ya farasi wa udongo, na nadhiri hiyo haikulipwa. Alikataa kufa akiwa na deni kwa mungu. Wakambeba kitandani mpaka uwanjani pa mfinyanzi, na Rengasamy akasimama na sinia mbele ya watu: tambuu, maua, na konzi la udongo.

Adaikkan alitazama. Ulikuwa udongo mweusi, laini, wenye unyevu, umechotwa bwawani asubuhi ile. Hapakuwa na kigae hata kimoja ndani yake.

Rengasamy alinong'ona, "Tutautoa wapi mwingine, mjomba? Niambie, nitakwenda kuuleta."

Adaikkan aliendelea kuutazama udongo. Bibi Nachammai akainua kichwa.

"Adaikkan, mbona unakawia? Marehemu baba yako hakuwa mzito hivi."

"Yeye alikuwa na mikono mikubwa, mama."

"Basi tumia hiyo midogo. Mimi sina muda."

Akafungua mikono yake miwili, akapokea.

Alifinyanga farasi mzuri kuliko wote aliopata kufinyanga, shingo imenyanyuka, njuga zimepangwa kama za bibi arusi. Bibi Nachammai alibebwa mpaka kijisituni akamwone. Sambasivan alisogea kando kwa heshima akampisha mzee. Adaikkan akachovya brashi, akapaka jicho la kulia, akapaka la kushoto, akangoja.

Mwili wake haukutetemeka. Upepo ulitikisa majani ya mwarobaini. Akatambua kwamba ameshika brashi, na kwamba amepaka rangi nyeusi juu ya udongo, basi. Farasi yule alikuwa yatima.

"Amefika?" aliuliza bibi Nachammai, ambaye hakuona vizuri.

"Amefika, mama," akasema Adaikkan.

Bibi yule alifariki juma lile, uso wake umetulia. Adaikkan hakufinyanga farasi mwingine, wala hakuna aliyemwomba. Watu waliendelea kununua vyungu vyake, mpaka sufuria zilipovishinda navyo. Hekaluni alisimama nyuma ya kamba pamoja na watu wengine, akapokea majivu matakatifu kiganjani kama wao.

Mvua nazo zilimfanyia yatima yule kama zilivyowafanyia wenziwe. Sikio lake la kwanza lilipoanguka, Adaikkan alikwenda akaliokota, akalitwanga, akafunga konzi moja katika kitambaa na kuliweka rafuni karibu na taa.

"La nini hilo, baba?" aliuliza Poongodi.

"Wakiniletea sinia tupu, tusiaibike."

Sinia haikuletwa. Mzee alipokufa, wakati wapiga ngoma wa mazishi wakimngoja nje, Poongodi alikumbuka rafu. Alikifungua kitambaa, akaikunjua mikono miwili ya baba yake iliyokuwa imeanza kukakamaa, akalimimina konzi lile ndani yake mbele ya watu wote. Kisha akaifumba.