Pampu Iliyokula Umeme wa King'amuzi

Kompyuta yangu niliijenga kama watu wanavyojenga nyumba hapa Chemchem: leo msingi, mwakani lenta, bati Mungu akijalia. Kila kipande kilikuja kwa basi kutoka Dar ndani ya boksi la sabuni, nami nilikwenda stendi kukipokea kwa heshima zote za mgeni. Mababu wa mama yangu, watu wa Kwihara, enzi za misafara walibeba mizigo ya wengine kwa miguu mpaka pwani. Nilipomwambia mama kwamba sasa pwani inanibebea mimi, alisema pwani imechelewa sana.

Nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa kipoozeo cha maji. Kompyuta ikifanya kazi nzito hupata joto, na chumba changu hakina dari, bati liko juu ya kichwa. Basi maji huzunguka ndani ya mipira miwili, yanachukua joto kwenye moyo wa mashine na kulipeleka kwenye feni. Kinachoyazungusha ni pampu ndogo kuliko kikombe cha kahawa, na isipozunguka, maji yanakaa palepale na kuchemka.

Pampu yenyewe ilikuwa mtumba. Aliyeniuzia alikuwa ameikata plagi, zikabaki nyaya mbili zinaning'inia. Mtu mwenye subira angetafuta plagi nyingine. Mimi nikakumbuka king'amuzi chetu cha televisheni kilichokufa zamani, ambacho chaja yake ilikuwa bado nzima na ilitoa volti kumi na mbili, zilezile inazotaka pampu. Nikaunga nyaya, nikachomeka chaja ukutani karibu na kioo cha kujitazamia. Pampu ikanguruma. Nilijipongeza kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Kompyuta ilikuwa na plagi yake mbali, upande wa pili wa meza, nayo ilipitia betri ya akiba ili umeme ukikatika isizime. Nilimwambia mama: chochote kitakachotokea, plagi ile usiiguse.

Kazi ya kwanza ya mashine ilikuwa ya mama mwenyewe. Alikuwa na goita, na Jumatatu alitakiwa kupanda treni kwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji. Daktari alikuwa amemweleza waziwazi kwamba sauti inaweza kubadilika, au isirudi. Mama ameimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa. Tulikuwa tumeirekodi kwaya kwa simu tatu, na aliomba kitu kimoja tu: aione video hiyo kabla hajaondoka. Nilipotaka kumwonyesha vipande kwenye simu, alikataa. Alitaka kitu kilichokamilika.

Ningeweza kuikamilisha wiki mbili nyuma, kama nisingekuwa nahangaika na mipira ya maji. Hilo nalisema mwenyewe kabla ya ndugu zangu kulisema.

Jumamosi mchana niliianzisha mashine iunganishe video yote, kazi ya saa nne. Saa ya tatu mbingu ikanguruma. Nikakimbia uani kuanua nguo na mahindi, na nyuma yangu mama akaanza anayofanya kila radi inapolia: akafunika kioo kwa khanga, akazima redio, akang'oa plagi nyumba nzima. Niliporudi, skrini ilikuwa nyeusi. Nikagusa mpira wa maji, nikaunguza kidole.

"Mama! Umegusa kompyuta?"

"Sijaigusa. Ulinikataza, nikaiombea tu."

"Na hapa kwenye kioo?"

"Hiyo ni chaja ya king'amuzi. Nikasema, huyu mtoto bado anakichaji kile marehemu? Nikaing'oa."

Nilimfokea. Nilisema mambo ya radi na ushamba ambayo sikutakiwa kumwambia mama yangu, tena wiki ile. Yeye alikunja khanga yake taratibu, akasema, "Kama ina mambo mengi namna hiyo, ungeandika karatasi," akaenda kuinjika ugali.

Mashine ilikuwa imejizima yenyewe kabla ya kuungua, lakini kazi yote ya saa tatu ilipotea. Jumapili baada ya ibada nikaibeba pampu mpaka mjini, kwa mzee wa Kihindi anayeuza spea za umeme.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nani kakuuzia uchafu huu?"

Alipoona chaja ya king'amuzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Pampu inatakiwa kula sahani moja na mashine," alisema. "Mashine ikilala, nayo ilale." Akanipa plagi ya kuingia kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Waya wa njano unapeleka volti kumi na mbili, mweusi unarudisha. Nyumbani nikaunga, nikachomelea kwa risasi, nikaviringishia selotepu nyeusi. Kazi yote haikufika nusu saa, jambo lililoniudhi sana.

Kabla ya magharibi video ilikuwa tayari. Nilimwita mama. Alikuja na kiti chake, akakaa wima kama yuko kanisani. Simu iliyosimama upande wake ndiyo iliyonasa sauti vizuri, na katika ubeti wa pili sauti yake ilipanda peke yake, nzito na safi. Akaniuliza, "Huyo nani?"

"Ni wewe, mama."

Alisogeza kiti karibu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kwenye kwaya mtu humsikia zaidi aliye jirani yake, na miaka yote hiyo sauti hiyo nzuri alidhani ni ya mwenzake wa kulia.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Mara ya tatu alikuwa ameweka mkono shingoni, penye uvimbe, na midomo yake inafuata maneno bila kutoa sauti. Nikaogopa, kwa mara ya kwanza. Wiki nzima nilikuwa nahangaikia pampu na kumgombeza kwa ajili ya plagi. Mama alikuwa anaaga sauti yake, na ndiyo kwanza walikuwa wanafahamiana.